Simu Iliyomkataa Dobi

Uani kwetu kuna sheria moja. Anayeshindwa kitendawili ndiye anayebeba mashuka mabichi kwenda kuyaanika. Kikiteguliwa, anabeba aliyekitega. Msidhani ni adhabu ndogo. Shuka la kitanda kikubwa likishalowa ni zito kama mtoto wa miaka mitatu aliyesusa kutembea.

Sheria hiyo tuliiweka wawili, mimi na mkwe wangu, mke wa mwanangu. Yeye ni dobi. Mtaa mzima unamwita Mama Povu, kwa sababu humkuti mchana bila povu mikononi. Kila asubuhi anapanga mabeseni matatu kwenye sakafu ya saruji: la kulowekea, la kufulia, la kusuuzia. Mimi naketi kwenye kigoda na ndoo ya vibanio. Miguu yangu siku hizi haipendi kusimama sana, ila mdomo haujambo.

"Kitendawili," nasema.

"Tega, mama."

"Namwosha mwenzangu. Yeye akitakata, mimi nachafuka."

Hata kichwa hainui. "Maji ya kufulia. Hicho ulinitegea mwezi uliopita. Haya, shuka lako hilo."

"Ngoja, kingine! Wanauma kutwa nzima, wala hawamezi kitu."

"Vibanio! Umevishika mkononi, halafu unanitegea? Mama, kwa vitendawili hivi utaanika mpaka uote mabawa."

Tunacheka. Kisha analishika shuka upande mmoja, mimi upande wa pili, tunalianika pamoja. Sheria ni sheria, lakini ana huruma. Katika miaka yote tuliyoishi pamoja sikumbuki siku aliyoshindwa.

Kitu kilichoniuma ni mikono yake. Amefua miaka kumi na miwili, kwa sabuni, dawa ya madoa na maji baridi. Kwenye viungo ngozi ilikuwa imepasuka. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama kijiko cha zamani. Jioni anapaka mafuta. Asubuhi sabuni inayaondoa.

Kwa hiyo hospitali iliyo ng'ambo ya barabara kuu ilipotangaza nafasi moja ya mfuaji, mimi ndiye niliyemsukuma aende. Chumba cha kufulia cha pale kina mashine kubwa. Wafanyakazi wanavaa glavu mpaka kwenye viwiko. Wanalipwa kwa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Walikwenda watu thelathini. Msimamizi wa chumba hicho ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliwatandikia shuka lenye madoa sita. "Niambieni kila doa ni la nini, na linatolewaje," akasema.

Mkwe wangu alinusa, akagusa, akayataja yote sita.

Msimamizi akalikunja shuka. "Nimebakiza watu wawili. Wewe ni wa kwanza. Alhamisi asubuhi nitakupigia simu. Jumatatu nataka mtu kazini, kwa hiyo nisipokupata, nampigia wa pili. Usiwe mbali na simu yako."

Alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Siku ile hata vitendawili vyangu alivijibu kabla sijamaliza.

Wakati huo simu yake ilikuwa ya vitufe. Namba zilikuwa zimefutika, na mgongo ameufunga kwa utepe. Iliwahi kuanguka kwenye beseni mara mbili. Tuliitoa betri, tukaianika juani pamoja na soksi, ikaamka. Ikilia, alibonyeza kitufe cha kijani kwa kifundo cha kidole, akaibana kati ya sikio na bega, mikono ikaendelea na kazi. Chaji ilikaa siku nne. Ilikuwa na sura mbaya, lakini walijuana.

Sasa nimlete mwanangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, anaitwa Cheche. Moyo wake ni mzuri. Tatizo lake anapenda vitu vinavyong'aa. Jumanne jioni aliingia na kiboksi cheupe amekificha nyuma.

"Mama watoto, funga macho."

"Nifunge macho nina pasi mkononi?"

"Basi yaache wazi. Tazama!"

Ilikuwa simu mpya ya kupangusa. Nisiiseme vibaya kwa sababu ya yaliyofuata: simu ile ilikuwa nzuri. Nyembamba kama biskuti. Mgongo wa kioo, ukijitazama unajiona mpaka meno. Nyuma macho matatu ya kamera. Mbele hakuna kitufe hata kimoja, ni kioo kitupu toka ukingo mpaka ukingo. Nilipoishika iliniteleza kidogo, kama sabuni mpya. Niliipenda hata mimi.

"Hii inajaa chaji kwa saa moja," Cheche akasema.

Hakuna aliyemuuliza inakaa nayo saa ngapi.

Akanipiga picha. Nikaitazama. "Ifute. Imeniongezea miaka."

"Haiongezi, mama. Inahesabu tu."

Mkwe alikuwa anaigeuzageuza. "Betri inatolewa wapi?"

"Haitolewi. Siku hizi zimezibwa."

"Na ikilowa?"

"Usiiloweshe."

"Baba watoto, mimi ni dobi."

"Ndiyo maana Alhamisi unaacha udobi! Mfanyakazi wa hospitali atapokeaje simu ya kazi kwa kile kidude cha vitufe? Utaaibika."

"Kwani anayepiga anakiona?"

Nilicheka. Cheche hakucheka. Mkwe akatazama huku na huku. "Kidude chenyewe kiko wapi?"

"Nimekiacha dukani. Wamenipunguzia bei kidogo. Laini yako nimeshaihamishia humu."

Mkwe aliigeuza simu tena. Kisha akasema asante, maana mtu amekuletea zawadi, utasema nini?

Ikaja zamu ya kufuli. Cheche alitaka simu ifunguke kwa alama ya kidole. "Weka kidole hapa. Inua. Weka tena." Simu ikatetemeka, ikakataa. Akajaribu kingine. Ikakataa. Vidole vyote kumi vilipita mbele ya simu ile kama wale watu thelathini waliokwenda kuomba kazi. Mwisho, mikono ilipokauka kabisa na kupakwa mafuta, ikakubali kimoja tu, cha pete, mkono wa kushoto.

"Umeona? Imekujua," Cheche akasema. "Kuna namba ya siri pia, lakini nimeiweka mimi. Hutaihitaji."

Jumatano alikwenda nayo karakana, eti kuipanga vizuri. Alirudi nayo jioni imejaa picha za mageti. Baada ya kula akatazama mpira humo mpaka akalala. Kwa siku mbili simu ile ilipiga picha mia na zaidi, ikaimba, ikaonyesha mabao. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema: hebu tuipigie, mwenyewe aipokee tuone. Hata mimi sikusema, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba.

Alhamisi ikafika. Alfajiri umeme ulikatika. Cheche akaenda kazini, wajukuu wakaenda shule. Simu ilikuwa na chaji kidogo, kile kialama chake kimegeuka chekundu.

Mkwe hakuweza kuacha kazi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalitakiwa saa nane. Akaipindua ndoo, akatandika taulo juu yake, akaiweka simu hapo, hatua moja kutoka beseni. Kila baada ya muda alikuwa anainama kuitazama. Jua lilikuwa kali, kioo hakionyeshi kitu ila uso wake mwenyewe.

"Kitendawili," nikasema, nimtulize.

"Leo hapana, mama."

Saa nne kasoro, simu ikalia.

Alitoa mikono majini, akaifuta kwenye aproni, akainyakua simu. Ile alama ya kijani ilikuwa inacheza. Akaibonyeza kwa kifundo, kama alivyozoea. Simu ikaendelea kulia. Akaibonyeza kwa nguvu zaidi.

"Mama, haipokei!"

"Bonyeza!"

"Nabonyeza!"

Nami nikainuka, nikabonyeza kwa kidole changu kikavu kama kijiti. Tulikuwa wanawake wawili tunapigana na kipande cha kioo. Hatukujua kwamba alama ile haibonyezwi. Inavutwa kwenda juu. Nani alitufundisha?

Mlio ukakoma.

"Atapiga tena," nikasema. "Mtu wa kazi hupiga mara mbili."

Kweli, akapiga tena. Safari hii mkwe alijaribu kupangusa. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji, povu limebaki kwenye kifundo cha mkono. Nililiona tone likiteremka. Nililiona kabisa. Likatua kwenye alama nyekundu ya kukata, kidole chake kikapita juu yake, simu ikakata.

"Nimekata," akasema. "Mama, nimemkatia."

Alitaka kupiga yeye. Simu ikawa imejifunga. Akaweka kidole cha pete. Ikatetemeka. Akakifuta kwenye nywele, akaweka tena. Ikatetemeka. Mara ya tano ikaandika: weka namba ya siri. Mkono ukamteleza, simu ikaanguka kwenye saruji, mgongo wa kioo ukapasuka kama maji yaliyoganda yaliyokanyagwa.

Tulikwenda mbio kwa jirani yetu anayetengeneza simu. Ni mwanamke kijana. Tunamwita Fundi Bisibisi. Kibanda chake kiko milango minne kutoka kwetu. Mimi nilifika nyuma, nahema.

"Shikamoo bibi. Kuna nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tufungulie hii, upesi."

"Namba ya siri?"

"Anayo mume wangu," mkwe akasema.

"Mpigie kwa simu yangu. Namba yake?"

Mkwe akafumba macho. "Imo humo."

"Na ya huyo aliyekupigia?"

"Imo humo humo."

Fundi Bisibisi aliishika simu, akatikisa kichwa. "Dada, simu iliyofungwa sifungui bila namba. Ningekuwa nafungua, mwizi naye angeniletea ya kwako. Nenda mwenyewe hospitali. Nenda sasa hivi."

Mkwe alivua aproni hapo hapo, akaniachia mkononi, akaenda. Viatu vyake vilikuwa vya plastiki, vimejaa maji. Nilivisikia vikilia mpaka alipokata kona.

Yaliyotokea kule alinieleza mwenyewe. Alimkuta msimamizi mlangoni mwa chumba cha kufulia, anaandika kwenye daftari.

"Nilikupigia mara mbili," msimamizi akasema. "Ya pili umenikatia."

"Si mimi mama, ni simu. Mikono ilikuwa na maji."

Msimamizi alimtazama kutoka viatuni mpaka usoni. "Nilidhani umepata kazi kwingine, hutaki maneno mengi. Nikampigia mwenzako. Alipokea mlio wa kwanza. Jina lake nimeshalipeleka juu."

"Haliwezi kurudi?"

"Nimeshampa neno langu, mwanangu. Ungekuwa wewe, ungependa nilirudishe?"

Mkwe akasema hapana, asingependa. Akaniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikosa hata wa kumchukia.

Alirudi akakuta mashuka bado yamelowekwa. Akayafua. Saa nane yalikuwa tayari.

Cheche aliporudi jioni, umeme ulikuwa umesharudi na simu iko mezani inachajiwa, mgongo wake umepasuka. Hakujua lolote. "Nani ameiangusha? Siku mbili tu, mama watoto!"

Nilitaka kumjibu mimi, lakini mkwe aliinua mkono. Akamsimulia polepole, tangu mlio wa kwanza mpaka mlango wa hospitali. Cheche aliketi. Akaichukua simu, akaweka namba ya siri, ikafunguka. Zilikuwemo simu mbili, saa nne kasoro dakika tano na saa nne kasoro dakika tatu.

"Lakini ni nzima," akasema. "Inafanya kazi."

"Kwako."

"Nilitaka uonekane, mama watoto. Uonekane mtu."

"Mimi nilitaka kusikika tu," mkwe akasema. Akaenda kukunja nguo.

Jumamosi niliwapeleka wote wawili kwa Fundi Bisibisi. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, tueleze. Nani amekosea? Ni huyu, au ni simu?"

Fundi Bisibisi alichovya kidole kwenye kikombe cha maji, akapangusa kioo. Picha zikarukaruka, zikafunguka zisizotakiwa.

"Mnaona? Kioo hiki hakisikii nguvu. Kinasikia ngozi kavu. Ukilowa hakikusikii vizuri, na tone la maji kinadhani ni kidole. Ndiyo maana ilikata."

"Basi wameniuzia takataka," Cheche akasema.

"Sikiliza kwanza, Cheche. Wewe ukitengeneza geti, mteja akitaka liwe jepesi, unafanyaje?"

"Natumia bomba jembamba."

"Na nguvu?"

"Nguvu inapungua. Huwezi kupata vyote."

"Haya. Na simu ni hivyo hivyo. Aliyeiunda alitaka iwe nyembamba, akaweka betri ndogo. Alitaka uso wote uwe kioo, akaondoa vitufe. Alitaka ing'ae, akaweka kioo na mgongoni, sasa inateleza na inapasuka. Aliziba betri ndani ili umbo liwe dogo na vumbi lisipite. Ikichoka, huwezi kuibadilisha mwenyewe. Kila alipoongeza hapa, alipunguza pale. Kwa mtu wa ofisini, mwenye vidole vikavu na soketi chini ya meza, hii ni simu nzuri sana. Huyo ndiye aliyefikiriwa. Wewe dada hukufikiriwa."

"Na dukani je?" mkwe akauliza. "Dukani nao walimfikiria nani?"

"Dukani walimfikiria Cheche."

Mwanangu aliinamisha kichwa. Sikumhurumia. Kidogo tu.

Kisha Fundi Bisibisi akaomba mikono ya mkwe wangu. Akawasha taa ya mezani, akatazama ncha za vidole kwa lenzi yake ya kutazamia vyuma vidogo.

"Kila mtu ana mistari midogo hapa," akasema. "Ni muhuri wako, umezaliwa nao. Simu inausoma huo. Wa kwako sabuni na dawa vimeulainisha. Ukikauka na kupata mafuta, unaonekana kidogo. Ukilowa, hauonekani kabisa. Usijilaumu. Wapo wengi, mafundi wa saruji, wapishi, hata mimi na dawa zangu hizi kidole kimoja kinanikataa."

"Mistari hurudi?"

"Hurudi, ukiipumzisha mikono. Au ukivaa glavu."

"Kule wanavaa glavu," mkwe akasema.

Fundi akaizima taa ya mezani.

Fundi Bisibisi akaingia kwenye mipangilio ya simu. Aliingia ndani, na ndani tena, mahali ambapo hata Cheche hakuwahi kufika. "Si kila simu ina hiki," akasema, "ila yenu inacho. Hapa. Nimeiambia ipokee kwa kitufe hiki cha pembeni, cha kuongeza sauti, na ikate kwa hiki cha kuwashia. Kitufe hakijali maji ya mkono. Bibi, ipigie kwa simu yangu."

Nikapiga. Mkwe alichovya vidole vyote kwenye kikombe, akabonyeza kitufe cha pembeni kwa kifundo.

"Haloo?" akasema.

"Haloo, mwanangu," nikasema. Tulikuwa tumekaa benchi moja.

"Imechukua muda gani kuiweka hivyo?" akamuuliza fundi.

"Dakika tano."

"Dakika tano," mkwe akasema. Akarudia tena, taratibu. "Dakika tano."

Siku hiyo hiyo tulibadilisha mambo. Fundi aliivalisha simu kava nene la mpira, sasa haitelezi, na ule mgongo uliopasuka haukati mtu. Mwanga wa kioo aliupunguza ili chaji ikae. Namba ya siri tunaijua watatu, mimi, mkwe na Cheche, na haitoki nje ya nyumba. Namba za watu wetu muhimu nimeziandika kwa mkono wangu kwenye karatasi, tumeibandika nyuma ya mlango. Ya hospitali ipo, ya Cheche ipo, ya Fundi Bisibisi ipo. Uani Cheche amechomelea kikulabu cha chuma na kukipigilia ukutani, mbali na maji yanayoruka kutoka kwenye beseni. Simu inaning'inia hapo ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kitufe unakibonyeza juu ya mfuko, na sauti tumeiweka itoke kwenye spika. Jioni inachajiwa kabla ya mpira. Mwenye kutaka mabao aende akatazame kwa jirani.

Mtaani nako habari zilienea. Muuza samaki alipotaka simu mpya, alikwenda dukani na mikono yake ya magamba. Akamwambia muuzaji, "Usinionyeshe kamera. Nipigie, nipokee." Muuzaji akaziba pua. Muuza samaki akajaribu tatu, ndani na nje juani, akauliza kila moja betri inakaa muda gani kwa mtu asiye karibu na umeme. Akachukua ya nne, nene na mbaya. Anaipenda mpaka leo.

Nanyi mnaosoma, fanyeni kama yeye. Nendeni dukani na mikono yenu ya kazi.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Lakini wiki tatu baadaye, tukiwa uani, mkwe amezama katika povu, simu ikalia. Hakuifuta mikono. Aliinuka, akabonyeza kitufe kwa kifundo juu ya mfuko, mlio wa kwanza haujaisha. Sauti ikatoka kwenye spika, mpaka mimi niliisikia.

"Haloo, huyo ni dada wa kufua?"

"Ndiye."

"Samahani dada. Mimi nafanya kazi pale hospitali, chumba cha kufulia. Bado mgeni. Msimamizi kanipa namba yako. Kuna mashuka ya wodi ya wazazi, yana damu iliyokauka. Nimeyapitisha kwenye mashine mara mbili kwa maji moto, haitoki. Msimamizi kasema wewe unajua."

Mkwe alitazama ukuta. Nilisimamisha kibanio hewani. Nilidhani atakata. Kitufe cha kukata kilikuwa hapo hapo, chini ya kidole chake, na safari hii kingemtii.

"Damu umeshaipika," akasema mwisho. "Usitie maji moto tena. Yaloweke kwenye maji baridi na chumvi, mpaka kesho. Maji yakibadilika rangi, mwaga, tia mengine. Kisha pakaza sabuni ya kipande juu ya doa, acha inywe, ndiyo usugue. Polepole, usichane nyuzi. Pengine kitabaki kivuli. Yakija mengine, yasiyopita kwenye moto, hayo yatatakata."

"Maji baridi na chumvi. Asante dada, umeniokoa. Na umepokea haraka kweli! Nilidhani sitakupata."

"Ndiyo," mkwe akasema. "Sasa napatikana."

Akakata. Simu ikabaki inaning'inia kwenye kikulabu, inabembea kidogo. Akarudi kwenye beseni, akaingiza mikono majini, akasugua shuka muda mrefu mahali pamoja, mahali pasipo na doa.

"Mama," akasema.

"Naam."

"Kitendawili."

Ilikuwa mara ya kwanza yeye kunitegea mimi.

"Tega, mwanangu."

"Nilizaliwa na muhuri wangu. Nimeufua mpaka umefutika."

Niliitazama mikono yake ndani ya povu. Jibu nilikuwa nalo. Hata wewe unalo.

"Nimeshindwa," nikasema.

Nikainuka kwenye kigoda, nikalichukua shuka bichi, lote, peke yangu, nikaenda kulianika.